Mafundi wa Zamu ya Asubuhi

Karakana ya treni ilipogeuzwa ukumbi wa mtaa, fundi cherehani alipewa kona ya dirishani. Alikuwa akipinda sare ya shule wakati mafundi wa zamani walipoingia kupitia ukutani, pale ulipokuwa mlango mkubwa kabla ya kuzibwa kwa matofali. Walikuwa wameungua, na masizi yao yalidondokea vitambaa. Aliwaomba wapite upande wa pili. Wakapita, wakaanza kugonga injini ambayo haikuwapo tena.

Wanafunzi wake wa ushonaji walilalamikia kelele, kisha wakazoea. Mmoja wa mafundi alikuwa na mwanya. Yule fundi cherehani alimtambua kwa mwanya huo, maana na yeye anao, akaenda kumwambia mama yake kwamba baba yuko ukumbini.

Miaka yote mama alijua mumewe ametoroka kazini na mwanamke mwingine. Ndivyo shirika la reli lilivyomwambia lilipomtoa kwenye nyumba ya kazini, na mtoto mgongoni. Alimwapiza kila alipowasha jiko.

Alivaa viatu vya kutokea, akaenda. Mumewe, bado kijana, alipomwona bibi kizee akainamisha kichwa.

“Shikamoo.”

“Marahaba,” mama akaitikia kwa mazoea. Kisha akasema, “Mimi mkeo.”

Akamtazama sana, akaweka nyundo chini.

“Boila lilipasuka,” alisema. “Wakubwa wa shirika wakatufungia mlango kwa nje, moto usifike ghala la mizigo. Sikwenda popote, mke wangu.”

“Nimekuapiza sana.”

“Nilikuwa nasikia.”

Mama na binti walimfuata mwenyekiti wa mtaa ili ukweli utangazwe. Alikuja, akawapa mafundi mkono, akakiri kwamba anawaamini. Lakini jengo ni zawadi ya shirika, alisema, na ng'ombe wa kupewa hatazamwi meno. Aliwaomba tu wasigonge siku ya uzinduzi.

Siku hiyo mkurugenzi wa shirika alihutubia kwamba katika karakana ile hakuna mfanyakazi aliyewahi kuumia. Mafundi walisimama kimya mpaka akamaliza, kwa adabu. Mama alikuwa akimpangusa mumewe masizi begani. Safu ya nyuma, karibu nao, mtu alimnong'oneza jirani yake kwamba yule bibi ndiye aliyekimbiwa na mume, na jirani akasogeza kiti chake ili mume apate pa kukaa.