Gauni la Mteja wa Saa Sita

Fundi huyu walimwita Futi kwa sababu utepe wa kupimia haukumtoka shingoni. Alikwenda nao sokoni, alikwenda nao misibani, na mumewe alikuwa akiapa kwamba usiku wa harusi aliukuta chini ya shela. Sura ya mtu Futi aliweza kuisahau kabla mwenyewe hajafika mlangoni. Lakini kiuno, bega, urefu wa mkono, hivyo vilikaa kichwani mwake kama wengine wanavyoweka namba za simu. Angekutana na mwanamke aliyemshonea miaka mitano iliyopita, akamwambia kifua chake ni inchi thelathini na nane, halafu ndipo amuulize jina.

Mwili mmoja tu ndio aliokuwa ameacha kuupima, nao ni wake. Kinyozi hajinyoi, wamesema, lakini Futi alikuwa na sababu zaidi ya hiyo. Miaka sita ya ndoa, miaka sita ya kungoja. Siku zake zilikuja zilipojisikia, mara mbili kwa mwaka, mara tatu zikiamua kumwonea huruma. Kidevuni ziliota nywele, akazing'oa kwa kibano kila asubuhi mumewe akiwa bado amelala. Kiuno kilipanuka hata alipokula nusu sahani. Daktari wa kliniki alimwonyesha kwenye mashine ovari zake mbili, zimejaa vifuko vidogo vilivyojipanga pembeni kama shanga. Huo si utasa, daktari akamwambia. Mayai yapo, ila yanakwama, hayatoki kwa wakati wake. Akamwandikia vidonge, vilevile wanavyomeza wenye kisukari, akamwambia atembee, asikate tamaa, na akipitisha miezi mitatu bila kuona siku zake, arudi.

Futi akameza, Futi akatembea. Mwaka mzima alitoka nyumbani hadi dukani kwa miguu, jua lake, mvua yake. Alipima mimba kwa mkojo mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja kile kijiti kikamtolea mstari mmoja, kikavu kama jicho la mtu asiyekupenda. Mara ya mwisho alikaa kwenye sakafu ya choo akalia mpaka mumewe akagonga mlango. Akaapa kwamba hapimi tena kitu chochote cha mwili wake, mkojo wala kiuno. Akajishonea magauni mapana manne, ya kuingilia kichwani na kushuka hadi chini bila kumgusa popote, na vidonge akaendelea kumeza kwa mazoea tu.

Sasa, yule mteja alikuja saa sita mchana, jua la utosi. Umeme ulikuwa umekatika na safu nzima ya maduka imenyamaza. Barazani alikaa fundi viatu, mtu mwenye macho manne kwa mambo ya wenzake, ambaye hata paka hapiti bila yeye kujua ametoka kwa nani. Futi alikuwa ameinamia pindo. Alipoinua kichwa, mwanamke amesimama katikati ya duka. Hakupiga hodi, wala kokoto za mlangoni hazikulia. Amejitanda mtandio mpaka kwenye paji la uso.

Alitaka gauni. La namna gani? La kupanuka mbele, alisema. Hakuuliza bei, na hapo tu Futi alipaswa kushtuka, maana mteja asiyeuliza bei bado hajazaliwa. Akatoa utepe shingoni akaanza kupima na kuandika kwenye daftari. Mabega, kumi na tano na nusu. Bega la kushoto limeshuka nusu inchi. Mkono, ishirini na mbili. Mgongo mfupi, yaani shingoni hadi kiunoni, kumi na tano na robo. Kalamu ikasimama. Vile vilikuwa vipimo vyake mwenyewe. Kiuno hupanda na kushuka, lakini mifupa haibadiliki, na mifupa yake Futi aliijua kwa moyo. Akajiambia watu wawili wawili, akazungusha utepe kiunoni mwa mteja. Alipoukaza, alihisi kitu kinamkaza yeye, palepale, chini ya gauni lake pana. Thelathini na sita.

"Acha nafasi," mteja akasema. "Itaongezeka."

Futi aliinama kuandika. Alipoinuka hapakuwa na mtu. Akatoka barazani kumuuliza fundi viatu yule dada ameelekea wapi. Fundi viatu akamwangalia kwa huruma, akasema jua limemkolea, tangu asubuhi hajaingiza hata nzi. Lakini kwenye daftari namba zilikuwapo, wino bado mbichi, mwandiko wake mwenyewe.

Baada ya mwezi akaja tena, saa ileile, umeme umekatika vilevile. Kiuno thelathini na saba na nusu. Safari hii Futi aliogopa kabisa, na si kuogopa tu, alichukia. Alielewa anachokipima. Hiyo haikuwa shibe, lilikuwa tumbo la mimba, gumu na la chini. Huyu mtu amevaa mabega yangu, aliwaza, amevaa mgongo wangu, na sasa anabeba kilichokuwa changu. Mimi nimebakiziwa utepe. Alipofika nyumbani alimwambia mumewe amechoka, akalala uso umeelekea ukutani. Ungemwambia nini mume? Kwamba kuna jini linakushinda kushika mimba?

Wa kumwambia alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mwenye moyo mweupe na ulimi usio na breki. Yeye naye alikuwa na ugonjwa uleule wa vifuko, ndiyo maana wawili hawa walipendana kama pacha. Walicheka pamoja habari za videvu vyao, wakaazimana kibano. Futi alimsimulia yote. Wifi hakucheka. Aliuliza mara ya mwisho kuona siku zake ni lini. Futi akahesabu, akapata miezi minne na kitu. Wifi akasema basi si ajabu, damu iliyokaa muda wote huo hupanda kichwani na mtu akaanza kuona watu. Dawa ipo. Yeye mwenyewe alikunywa mwaka juzi, ikateremsha kila kitu siku hiyohiyo, na nyumba ya mgeni, alisema, husafishwa kwanza. Futi alimkumbusha kwamba daktari alisema arudi. Wifi akauliza arudi akaonyeshwe mstari mmoja mara ya kumi na mbili? Hapo alimpata. Futi angevumilia lolote duniani isipokuwa ule mstari.

Chupa ikaja, ndogo, maji yake meusi yananuka kutu. Vijiko vitatu, tumbo tupu, saa saba mchana. Futi akaona bora ainywee dukani mumewe asijue. Siku hiyo hakula kitu. Aliweka chupa na kijiko kando ya cherehani, akamalizia kushona gauni la yule mteja kwa vipimo vya mwisho, na nafasi mbele, ili alitoe mikononi mwake hata kama hakuna atakayekuja kulichukua.

Umeme ukakatika. Futi hakuinua kichwa mara moja. Alijua.

Mteja alikuwa karibu kuliko siku zote, kiasi kwamba Futi aliweza kuona nyuzi za mtandio. Alinyoosha mikono pembeni, kama anayesubiri kupimwa. Futi akapima. Arobaini kamili. Utepe ulimbana yeye tumboni mpaka akashusha pumzi. Mteja aligeuza kichwa, akaangalia chupa.

"Si yetu hiyo," akasema.

Na duka likawa tupu.

Futi alikaa chini. Ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi. Alishika chupa, akaiweka. Akashika kijiko, akakiweka. Halafu akafanya ambacho fundi yeyote angefanya akishindwa kufikiri, akarudi kwenye kazi. Gauni lilihitaji kujaribiwa, na mwili wa kulijaribia ulikuwa mmoja tu. Mabega yalikuwa yaleyale, mgongo uleule. Pungufu lilikuwa tumbo. Akakusanya mabaki ya vitambaa, akayafunga donge la inchi nne ili alipachike mbele na kuona pindo linavyokaa. Akavua lile gauni lake pana, akavaa la mteja, akafunga zipu ya ubavuni. Akachukua donge, akaliingiza kupitia shingoni kulishusha tumboni.

Halikupita. Alilisukuma tena. Hapakuwa na nafasi. Gauni lilikuwa limejaa.

Alisimama na matambara mkononi mbele ya kioo cha wateja, na mwanamke aliyekuwa mle kiooni alikuwa na tumbo. Tumbo la chini, gumu, la mviringo, ambalo miezi yote hii lilikuwa likitembea ndani ya magauni yasiyogusa mwili. Akauvuta utepe shingoni. Kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya chooni, Futi akajipima. Arobaini. Kile kilichokuwa kikimtekenya tumboni siku hizi, naye akikiita gesi, kikamgonga kwa ndani, taratibu, mara mbili.

Alitoka dukani mbio na lile gauni mwilini, hata mlango hakufunga. Fundi viatu alimwita akauliza kuna moto? Dawa ilibaki mezani.

Huko kliniki muuguzi alimpaka ile jeli ya baridi, na daktari yuleyule akazungusha mashine, kisha akamgeuzia kioo. Pembeni shanga zake zilikuwapo bado, zimejipanga. Katikati kulikuwa na mtu. Uti wa mgongo, mkono mmoja juu, moyo unapepesa. Wiki kumi na nane, daktari akasema. Alimgombeza kwa kutorudi mapema. Wenye tatizo hili wengi hupata, akamwambia, kwa dawa au bila dawa, ila wamezoea siku kupotea, kwa hiyo mimba inaingia nao hawaitambui. Futi akamtajia ile chupa, rangi yake na harufu yake. Daktari aliacha kuandika. Akamuuliza mara mbili kama ana hakika hajainywa.

Alikuwa bado kwenye benchi la nje, anafuta machozi kwa utepe kwa kukosa leso, simu ikaita. Wifi.

"Umeshakunywa?"

"Sijanywa. Wifi, nina mimba. Wiki kumi na nane, nimeuona moyo."

Alingoja vigelegele. Wifi yake alikuwa mtu wa kupiga vigelegele hata umeme ukirudi. Hakusikia kitu, ila pumzi.

"Hukuhisi chochote?" wifi akauliza hatimaye.

"Gesi tu. Nilidhani ndiyo yaleyale yetu ya siku zote."

Futi akaondoa simu sikioni, akaangalia kama imekatika.

"Mimi nilikuwa nimekaa miezi mitano bila kuona siku zangu," wifi akasema. "Ndipo nikanywa. Damu ilitoka siku tatu, wifi. Nikamshukuru Mungu kwamba dawa ni kali."

Futi akamwambia aje. Daktari yupo mpaka saa kumi, aje palepale alipo, yeye hatoki kwenye benchi.

Alikuja ndani ya nusu saa, kanga begani, viatu havifanani. Hakusalimia. Aliketi, akauweka mkono juu ya tumbo la Futi kwa woga, kama unavyogusa chungu usichojua kama kimepoa, na mtoto hakumnyima, akagonga. Wifi akalia bila sauti. Futi alimshika, akamwambia kwamba daktari amesema wenye ugonjwa wao wengi hupata, na tumbo lililoshika mara moja linaweza kushika tena, na kwamba safari hii watapima wote wawili, kila mwezi, hata mstari ukiwa mmoja. Wifi alitikisa kichwa kukubali, lakini alikuwa na jambo lake.

"Usije ukamwambia huyu, akikua," alisema, mkono bado tumboni, "kwamba ile chupa niliileta mimi."

"Simwambii."

Muuguzi akatoka akaita anayefuata. Futi akamsaidia wifi yake kuinuka, wakaingia pamoja.