Harufu ya Mama Haifuliwi

Ukiwa na kitoto cha kiumbe chochote, cha kwako au cha mbwa, usikitoe kwa mama yake kwa sababu tu kimeanza kutembea. Kutembea si kukua. Yuko mama mmoja aliyelikosea jambo hilo mara mbili, na ya pili ndiyo iliyomfumbua macho kuhusu ya kwanza.

Mtaani walimwita Mama Povu, kwa kuwa alikuwa dobi na tangu asubuhi mikono yake ilizama kwenye povu hadi viwikoni. Uani kwake kamba za kuanikia zilitoka ukutani mpaka kwenye nguzo ya mbao, na chini yake mabeseni yalipangwa kwa ukubwa kama watoto wa shule mstarini. Watu walisema ukimpelekea nguo yenye doa, doa lenyewe litasahau lilikotoka. Alijivunia sifa hiyo. Kitu kichafu kikipita mbele yake vidole vilimwasha, na wageni wake walijua kutoacha leso mezani, maana ukigeuka tu, iko majini.

Alikuwa na mtoto mmoja, binti, waliyemwita Kidoti kwa alama nyeusi iliyokaa kidevuni kama imechorwa na kalamu. Kidoti alipomaliza shule ya msingi akawa mrefu kuliko mama yake, wifi yake Mama Povu akaja na habari. Katika mji wa mbali ilikuwepo nyumba ya watu wenye heshima zao, waliotafuta msichana wa kukaa na mtoto wao mchanga. Wifi alisema binti mkubwa hivi haachwi akizeekea kwenye mabeseni, aende akaone dunia. Kidoti alisema hataki. Kisha akamtazama mama yake, akamwona kanyamaza, akasema sawa, ataenda. Mama Povu alimfulia nguo zake zote, akazipiga pasi, akazipanga begini, akamsindikiza. Aliporudi uani akaona nguo za watu zinapepea na hakuna wa kumshikia ncha ya pili ya shuka akikamua.

Kila Jumapili waliongea kwa simu. Kidoti aliuliza vitu vidogo: kama shuka za nyumba ya wageni bado zinaletwa Jumatatu, kama kuku wa jirani bado anataga kwenye kapu la nguo chafu, kama bomba bado linakohoa kabla ya kutoa maji. Mama Povu alijibu yote, akamalizia na neno lile lile, vumilia mwanangu, mwanzo mgumu. Simu ikikatika aliketi nayo mapajani mpaka kioo kikazimika. Kwamba binti aliyeuliza habari za bomba alikuwa anauliza jambo jingine, hilo halikumjia akilini.

Upweke ukamfundisha njia ya kwa seremala. Karakana yake ilikuwa nyuma ya mtaa, na jike lake la mbwa, jina lake Randa, lilizalia chini ya meza ya kazi, juu ya lundo la maranda laini. Mama Povu alianza kupita pale kila akipeleka nguo za watu. Kati ya watoto wa Randa alimpenda mmoja mwenye mguu mweupe kama kavalishwa soksi, akamwita hivyo hivyo, Soksi. Kwa watu alisema anatafuta mlinzi wa nguo kambani. Ukweli ni kwamba alitaka kusikia kitu kinapumua ndani ya nyumba.

Seremala alimwambia asubiri. Alisema Randa mwenyewe ndiye atakayetoa taarifa: siku akianza kuinuka na kuwaacha watoto wananyonya hewa, siku akiwaonyesha meno wakimng'ang'ania, hapo wako tayari. Wakati huo bado alikuwa analala chali na kuwaachia kila kitu. Meno ya Soksi ndiyo kwanza yalikuwa yametoboa ufizi.

"Lakini anatembea huyu," Mama Povu akasema. "Nikimpata mapema atanizoea mimi."

"Mama Povu, ubao mbichi ukiupigia msumari leo, kesho umejipinda wenyewe. Usije ukaniletea hapa uniambie niunyooshe."

Mama Povu akacheka, akamchukua Soksi. Seremala alikuwa mtu wa kusema mara moja, hakurudia. Alimfungia mtoto ndani ya kipande cha gunia walicholalia na ndugu zake, kimejaa manyoya, maziwa na jasho la mama yao, ili apate pa kuweka pua usiku. Kosa la seremala lilikuwa moja tu: alisahau anampa nani.

Kabla jua halijageuka, gunia lilikuwa kambani. Lilichemshwa, likasuguliwa, likatiwa buluu, likang'aa mpaka likafanana na kitambaa cha meza. Kisha ikawa zamu ya Soksi. Alimwogesha kwa sabuni ya kipande, ile ya kufulia, akamsuuza mara mbili, akamfuta kwa taulo. Mtoto wa mbwa akatetemeka kama jani. Mama Povu akamnusa shingoni, akaridhika: alinukia kama shati la mtu wa ofisini.

Usifanye hivyo. Ngozi ya mtoto wa mbwa ni nyepesi kuliko ya mtoto wa mtu, na sabuni ya nguo huikausha ikapasuka. Akichafuka, kitambaa chenye maji ya vuguvugu kinatosha, na umkaushe papo hapo. Wala usimpe maziwa ya ng'ombe bakuli zima, tena yenye sukari, kama alivyopewa Soksi. Aliyanywa kwa pupa mpaka tumbo likawa ngoma, na baada ya hapo sakafu ya Mama Povu haikukauka. Mtoto aliyekwishaacha ziwa hupewa chakula laini, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, mchuzi wa mifupa usio na chumvi wala kitunguu. Aliyekuwa bado ananyonya, chakula chake kiko kwa mama yake.

Soksi akalia. Hakulia kama mbwa, alilia kama mlango unaofunguliwa pole pole. Alilizunguka lile gunia jeupe, akalinusa pembe hadi pembe, akaliacha. Alitafuta pindo la gauni la Mama Povu, kidole, ncha ya sikio akiinama, chochote cha kunyonya, na alipokipata alikiuma kwa nguvu zote. Mtoto akiuma ndugu yake zaidi ya kiasi, ndugu hupiga kelele na mchezo unakatika, ndipo anajifunza kipimo. Soksi hakuwa na ndugu wa kumpigia kelele. Mikono ya dobi, iliyokuwa imeshachubuka kwa sabuni, ikawa na vidonda, na kila akiitia majini alisaga meno.

Wifi yake alipokuja alimkuta amekaa chini, kichwa kimemlegea kwa kukosa usingizi, Soksi mapajani, mbavu zimeanza kuhesabika. Wifi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu mwenye jibu kabla ya swali. Alimtania kwamba kazaa uzeeni, akamwambia amfunike na kapu, afunge mlango, kelele zitaisha zenyewe. Kiumbe akibembelezwa mno huharibika.

"Atazoea," wifi akasema. "Kwani Kidoti hakulia mwezi mzima? Leo si ametulia?"

Mama Povu akainua kichwa. "Nani alilia?"

Wifi akashika ukingo wa kanga yake, akaanza kuukunja. Akasema ni mambo ya kawaida, mama wa ile nyumba anakokaa Kidoti alimpigia, akamweleza kwamba msichana halali, anakaa jikoni gizani, chakula anakichokoa tu. Wakakubaliana mama mtu asiambiwe, asije akavurugika bure. Na kweli baadaye ikapita.

"Kwangu alikuwa anauliza habari za bomba," Mama Povu akasema.

"Ndiyo hivyo. Alishazoea."

Mama Povu alimtazama yule mtoto wa mbwa, ambaye kwa wakati huo alikuwa amenyamaza. Hakunyamaza kwa kushiba wala kwa kulala. Alikuwa amelaza kidevu kwenye goti, macho wazi, hatafuti tena kitu. Kimya kile ndicho kilichomtisha kuliko vilio vyote. Akamfunga kifuani kwa kitambaa, akamwacha wifi na chai yake, akatoka mbio mbio na ndala za uani.

Seremala alipomwona hakusema nilikuambia. Alizima mashine tu. Mama Povu akapiga magoti akamsogeza Soksi kwenye ziwa la mama yake. Randa akanusa. Akakunja pua, akanusa tena, akatoa mngurumo mfupi wa kooni, akainuka, akaenda kusimama penye kona. Soksi alijiburuta kumfuata, na Randa akamsukuma pembeni kwa mguu kama anavyosukumwa mtoto wa jirani.

"Ni mwanao," Mama Povu akamwambia mbwa, kana kwamba ni suala la kueleweshana. Akamnyanyua Soksi amrudishe kwa nguvu, seremala akamshika mkono.

"Usimsukumie. Hajamkataa mwanawe, anaikataa sabuni yako. Kaa kule mlangoni, wala usimwite."

Seremala akachota maranda ya pale walipolala, yaliyolowa yakanuka, akamsugua nayo Soksi mgongoni, tumboni, masikioni, akamtia katikati ya ndugu zake, naye akarudi kwenye ubao wake. Mama Povu akakaa kizingitini, mikono imebanwa magotini. Ndugu mmoja akamvuta Soksi sikio. Soksi akamrudishia, akauma kama alivyozoea kuuma gauni, na yule akapiga kelele ya kupasua anga, akamgeuzia mgongo. Soksi akaduwaa. Akamfuata, akajaribu tena, safari hii kwa midomo zaidi kuliko meno.

Maziwa ndiyo yaliyomrudisha Randa. Yalimjaa yakamuuma, akaja akalala, watoto wakamvamia, naye akaanza kuwalamba mmoja mmoja. Alipofika kwenye ule mguu mweupe akasita. Akanusa kwa muda mrefu, pua inatikisika. Kisha akatoa ulimi, akamlamba mara moja, kama anayeonja chumvi. Akasita tena. Halafu akambana kwa mguu wa mbele, akamlamba kuanzia paji la uso mpaka mkiani, akirudia, akisisitiza, mpaka manyoya yakasimama.

"Anamfua upya," seremala akasema bila kugeuka. "Angekaa huko siku nyingi zaidi, nisingekuahidi kitu."

"Na mtoto wa mtu je?"

Seremala akapuliza vumbi kwenye ubao. "Hao siwajui, mama. Mimi ninajua mbao na mbwa."

Haikuwa Jumapili, lakini Mama Povu alipiga simu akiwa bado njiani. Mama wa ile nyumba akapokea kwa adabu, akamwita msichana.

"Mama, nani amekufa?" Kidoti akauliza.

Akamwambia hakuna, wote wazima. Akamwambia amesikia alikuwa analia. Upande wa pili kukawa na sauti ya vyombo vinawekwa chini, kimoja, kingine.

"Ilikuwa zamani," Kidoti akasema.

"Nataka urudi nyumbani, mwanangu."

"Sawa, Mama. Nitaangalia, nitakujulisha." Alisema vizuri, kwa sauti iliyonyooka, kama mtu wa dirishani anayehudumia foleni. Akamtuma amsalimie shangazi yake, akaaga. Hakuuliza habari za uani, wala za bomba. Mama Povu akasimama katikati ya njia, na watu wakampita kushoto na kulia.

Wifi alikuwa bado yupo Mama Povu alipofika nyumbani. Mama Povu akaanza kutia nguo mbili kwenye mfuko. Wifi akamweleza kwamba kamba zimejaa, shuka za nyumba ya wageni zinangojwa kesho, sare za watu hazijaguswa pasi. Yote yalikuwa kweli.

"Anua wewe," Mama Povu akasema.

"Na pasi?"

"Wavae na mikunjo."

Hakuna aliyewahi kusikia neno hilo likitoka kinywani mwake. Wifi akabaki ameshika kibanio cha nguo.

Safari ilimla usiku na nusu ya siku. Njia nzima alipanga atakavyomkumbatia, atakavyosema samahani kabla ya salamu. Akaingia lango la ile nyumba, akabisha mlangoni, na Kidoti akatokea na mtoto wa watu kiunoni. Mtoto yule alikuwa amezika uso shingoni kwake na mkono mmoja umeng'ang'ania kola, kama aliyezaliwa pale. Ile alama ya kidevuni ilikuwepo. Mashavu hayakuwepo.

"Shikamoo, Mama," akasema, akabaki amesimama kwenye kizingiti, miguu pamoja, kama anavyosimama mbele ya wageni.

Mikono ya Mama Povu ilikuwa imeshanyanyuka. Akaishusha. Akasema marahaba, akaketi kwenye ngazi ya mlangoni, akauweka mfuko kando, akaomba maji kama mgeni yeyote. Kidoti akamletea, glasi juu ya kisahani, kwa mikono miwili. Akanywa taratibu. Hakusema vumilia. Hakusema twende. Hata samahani aliiacha kwanza, kwa kuwa ingemlazimisha binti kujibu.

Baada ya muda Kidoti akamteremsha yule mtoto acheze. Akatazama ndani, akatazama lango, akaketi kwenye ngazi ile ile, ila mwisho kabisa, penye nafasi ya mtu mwingine katikati yao. Mama Povu alihisi kila kinyweleo chake kinataka kuivuka ile nafasi. Hakujisogeza. Alikaa akitazama mbele, mkono wake umelala wazi juu ya saruji iliyopata joto, na basi la kurudi lilikuwepo la jioni, na la kesho, na la kesho kutwa.