Nyumba ya Tatu Kutoka kwa Dobi

Tik. Tik. Tik. Nyuma ya turubai la hema la mapokezi, pale langoni, mtu alikuwa akibonyezabonyeza kalamu. Nilijua si wetu. Sisi wa kamati ya tamasha la chuo sote tulikuwa mbele na makoti yetu ya rangi ya chungwa, tukiinamia wageni na kupaza sauti, "Karibuni! Karibuni tamasha letu!" mpaka makoo yakawasha.

Kisha akatokea. Mama wa miaka hamsini hivi, viatu vya kushindia nyumbani, daftari mkononi. Nikampa ratiba na ramani ya vibanda.

"Karibu sana, mama. Umekuja kumtazama mwanao?"

"Sina mtoto hapa. Jukwaa liko wapi?"

Hakuuliza tambi za kukaanga, hakuuliza chai. Jukwaa! Mwaka jana jirani fulani alipiga simu kulalamikia kelele, na ofisi ya chuo ikatuambia waziwazi: lalamiko moja tena, jukwaa linazimwa papo hapo. Na saa tisa ilikuwa zamu ya kundi letu la ngoma. Mwaka mzima viganja vyangu vimeota malengelenge kwa ajili ya saa moja na nusu ile, na wakubwa wetu wa mwaka wa nne hawangepata nafasi nyingine kabla ya kuhitimu.

"Haneda, shika mhuri wa kugongea wageni," nikamwambia mwenzangu. "Yule mama mpelelezi."

"Asubuhi ulisema hivyohivyo juu ya mtu wa posta."

"Alikuwa anachungulia!"

"Alikuwa anatafuta choo, bwana."

Nikamwacha na maneno yake, nikamfuata mama. Alipita kibanda cha vitumbua vya pweza bila kugeuza shingo. Chini ya spika akasimama, akatazama saa, akaandika. Nyuma ya maktaba akatega sikio, akaandika tena. Kwenye ukuta wa mashariki, zinakoanzia nyumba za watu, akasikiliza kwa muda mrefu zaidi. Mtu gani anakuja tamashani kusikiliza tu, hali chochote, hacheki na yeyote?

Alipoelekea mlango wa ofisi nilikimbia, nikamkata njia.

"Samahani, mama. Unatafuta nini humo?"

"Mtu wa kumpelekea malalamiko."

"Nilijua! Tangu langoni nilijua! Wewe ndiye uliyepiga simu mwaka jana, sivyo?"

"Mwaka jana nilikuwa mkoani Akita, kijana. Tumehamia hapa mwezi wa nne." Akanipima juu mpaka chini. "Na wewe una mdomo kama ile spika yenu. Haya, soma, mpelelezi."

Akanisukumia daftari. Saa nne na robo, magitaa. Saa tano, kimya, dakika kumi. Saa tano na dakika kumi, magitaa tena. Ukurasa mzima ulikuwa hivyo.

"Mume wangu anaoka mikate kiwandani usiku kucha," akasema. "Analala mchana. Leo tangu saa nne anagaagaa tu. Nilikuwa natafuta mnanyamaza lini nimwambie, kumbe hamnyamazi. Majirani wote wameletewa ratiba yenu, barua ya kuomba radhi na boksi la vitafunwa. Mama wa kwa dobi kanionyesha lake. Sisi mlituonaje, si watu?"

"Mnakaa wapi, mama?"

"Nyumba ya tatu kutoka kwa dobi."

Mtaa ule nilipangiwa mimi. Wiki iliyopita mimi na Haneda tulipita nyumba hadi nyumba, tukiinama na kukabidhi maboksi. Ile ya tatu mabati ya kufungia madirisha yalikuwa yameshushwa mchana kweupe. Nikasema haina watu. Hata kengele hatukubonyeza. Boksi lao tulilila pale pale kando ya barabara: vitafunwa sita vya maharage matamu, vinne vyangu.

Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua.

"Kosa ni langu, mama. Niliona mabati, nikadhani pamehamwa. Boksi lenu nimelila."

"Umelila?"

"Vinne. Viwili kala mwenzangu."

Hakucheka. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitasa. "Na hizo ngoma kwenye ratiba?"

"Saa tisa mpaka saa kumi na nusu. Kisha jukwaa linafungwa."

"Yeye anaamka saa kumi."

Kule jukwaani bendi ya magitaa ilikuwa inashuka. Wakubwa wangu walikuwa wanapandisha ngoma kubwa, wanne wanne, wakitaniana, kapteni wetu Minegishi akiwa ameshajifunga kitambaa kichwani. Nikainama mpaka nikaona vidole vya miguu ya yule mama.

"Mama, haitapigwa ngoma hata moja kabla ya saa kumi. Tutabaki na nusu saa tu. Nitawaambia mwenyewe, na sababu nitawaambia. Nikikudanganya, ingia humo ndani utaje jina langu: Kuroiwa Takuto."