Foto ya Hali Nzuri ya Hewa

Siku ile ya upepo mkubwa Pélagie hakukimbia ili apigwe foto. Alikimbia kwa sababu mabati ya jirani yalianza kuinuka moja moja, kama waumini wanaosimama kanisani, naye alikuwa na mtoto mgongoni na sufuria ya maharagwe kichwani, na kati ya hivyo viwili hakikuwapo cha kuacha. Alipita mbio katika barabara ya Mulongwe, mdomo wazi, kitenge kimevimba kwa upepo, kandambili moja mguuni na nyingine hewani. Rénovat, kijana anayepiga watu foto za kadi na za arusi, alikuwa amejibanza kwenye baraza la duka. Akainua telefone. Ilitoka foto moja tu, lakini hiyo moja haikukosa kitu: mvua imelala ubavu, mtoto Délice anacheka, na mfuniko wa sufuria umesimama peke yake juu ya kichwa cha mama.

Upepo ulipotulia, Uvira nzima ilikuwa imeshaiona. Kesho yake mtu asiyejulikana akaikata, akaondoa nyumba na barabara, akabakiza mama na sufuria, ikawa stika. Tangu hapo hakuna aliyejisumbua kuandika kwamba mvua inakuja. Watu walimtuma Mama Délice akikimbia. Kwa wingu dogo walimtuma mara moja, kwa wingu jeusi mara tatu. Siku milima ilipofunikwa yote, mwalimu mmoja alimtuma mara kumi na saba, na wanafunzi wakaachiliwa waende nyumbani.

Mwanzoni Pélagie alicheka kama wengine. Muuza chumvi alikuwa akimwongezea kidogo na kumwomba asikimbie. Lakini foto ikaanza kusafiri bila yeye. Maji yalipojaa Luberizi, grupu moja iliituma pamoja na maneno kwamba mama huyu ameponea chupuchupu Luberizi, asubuhi hii hii. Mume wake Luc alikuwa Luberizi kweli, akivuna mpunga. Alipoiona aliacha mundu shambani, akatembea masaa mawili katika matope akiuliza kila aliyekutana naye kama hajamwona mke wake akipita na sufuria. Wengi walisema wamemwona. Mmoja alimwonyesha hata njia aliyoifuata. Ndipo Luc akafikiri kumpigia, na Pélagie akamjibu kwamba yuko jikoni kwake Mulongwe, anachambua maharagwe. Luc akamwuliza kama ana uhakika.

Wiki iliyofuata alikimbia mvua ya mawe kule Rurambo. Baada ya hapo alikimbia Bujumbura, akavuka mpaka bila kuonyesha karatasi yoyote.

Hayo yote aliyameza. Waliomshinda ni wavuvi.

Kila alasiri alikuwa akishuka kando ya ziwa na sufuria yake, kuuzia wavuvi bugali na maharagwe kabla hawajaingia majini na nyavu na taa zao kutafuta ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa. Mpunga wa Luc ulikuja mara mbili kwa mwaka, na mtoto hula kila siku. Katikati hapo ilikuwepo sufuria. Sasa alasiri moja, mbingu nyeupe kama sahani iliyooshwa, alikuwa akishuka njia yake ya siku zote, mvuvi mmoja akainua macho. Akamwona mama, mtoto mgongoni, sufuria kichwani. Ni stika yenyewe, tena imeanza kutembea kwa miguu. Akamgusa mwenzake, mwenzake akamgusa mwingine, na nyavu zikaanza kutolewa katika mitumbwi. Hakuna aliyesema anaogopa. Mmoja alisema motere yake inakohoa. Mwingine alikumbuka kwamba mama mkwe anakuja kutembea. Mitumbwi arobaini ikalala nchi kavu, na ziwa limetulia kama kitanda kilichotandikwa.

Na kwa kuwa mtu asiye na kazi husikia njaa haraka, wakamaliza sufuria yote. Pélagie alirudi nyumbani akiimba. Siku ya pili ikawa vilevile. Siku ya tatu alielewa, maana alimkuta Mama Georgette amesimama njiani akimngoja, mikono kiunoni. Mama Georgette ndiye kiongozi wa akina mama wanaonunua ndagala na kuzianika, na siku hiyo alieleza kwa urefu kwamba mchanga wa kuanikia hauna hata samaki mmoja, kwamba wanunuzi wa Bukavu wamerudi na vikapu vitupu, na kwamba mtu aliyezoea kuleta tufani angetafuta kazi nyingine. Pélagie aliuliza ni tufani gani hiyo, wakati wiki nzima hakijadondoka hata kitone. Mama Georgette akasema ndiyo hiyo hasa inayowatia hofu: imezuiliwa mahali, inangoja.

Komite ya wavuvi ikakaa. Prezida wao, Mzee Sylvestre, tangu ule upepo mkubwa hakuwa amevua jile yake ya kuelea majini, hata nyumbani, hata mezani. Alisema yeye mwenyewe haamini mambo hayo, ni Mukristo, lakini hawezi kuwa prezida wa wavuvi wasiogusa maji. Kwa heshima yote, alimwomba Mama Délice asishuke tena jinsi ile. Mama anaweza kuja, mtoto anaweza kuja, sufuria inaweza kuja, ila wasije wote watatu kwa pamoja. Hapo maneno yakawa mengi. Wengine walitaka sufuria ifunikwe kwa kitambaa. Wengine wakasema sufuria iliyofichwa ni mbaya zaidi, hujui inapanga nini. Mvuvi mmoja mwenye akili ya hesabu akasema kwamba kama kwenda mbele kunaleta mvua, kurudi nyuma lazima kulete jua. Pélagie, kwa kuipenda kazi yake, alijaribu siku moja kushuka kinyumenyume. Akaangukia nyavu, na watu ishirini wakakesha wakizitatanua.

Bruno wa redio naye akasikia. Alikuja nyumbani na kinasa sauti chake, akataka kujua hali ya hewa ya kesho. Pélagie alimjibu kwamba hajui, yeye anauza maharagwe. Katika habari za saa sita Bruno akatangaza kwa sauti nzito kwamba, kulingana na Mama Délice, hali ya hewa ya kesho haijulikani. Kesho yake mvua ilinyesha asubuhi, jua likawaka saa sita, upepo ukatoka kaskazini halafu ukabadili mawazo ukatoka kusini. Watu wakakubali kwamba hakuna aliyewahi kutabiri vizuri namna hiyo.

Lakini sifa haipikwi. Pélagie hakuwa na wa kumwachia mtoto, kwa hiyo alikaa nyumbani siku nne. Maharagwe ya siku ya kwanza yaliliwa na watoto wa majirani. Siku zilizofuata hakuwasha moto mkubwa. Siku ya nne alimkoroga Délice uji mwepesi, bila sukari, na mtoto aliumaliza, akatambaa mpaka kwenye sufuria iliyogeuzwa ukutani, akaipigapiga kitakoni kwa viganja vyote viwili, akamtazama mama yake. Pélagie akajifunga kitenge, akambeba mtoto, akashuka hadi kwa Mzee Sylvestre mikono mitupu.

Prezida alikuwa amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, jile imefungwa mpaka shingoni.

"Mzee," Pélagie akasema, "foto moja ndiyo imeniharibia kazi. Basi tupige ingine. Munipige nimekaa, jua iko inawaka, sufuria iko chini, mutoto iko anakula. Halafu muitume mu grupu zote. Ile ya zamani ibakie ya mvua, hii iwe ya hali nzuri. Miye nikishuka na sufuria, mutu aangalie hii, aingie mu maji."

Mzee Sylvestre alimtazama mtoto, na mtoto akaitazama jile. Halafu akasema kwamba katika miaka yake yote ya komite, hilo ndilo pendekezo la kwanza ambalo halijamtaka asaini kitu.

Siku ilipangwa Jumamosi, saa tisa. Rénovat alikuja na telefone mbili. Mama Georgette alileta maua ya plastiki, na mtu akaazima kiti kizuri cha kanisa, chekundu, chenye mikono. Pélagie alipika sufuria imejaa, kwa kuwa Rénovat alisisitiza kwamba mvuke wa kweli ndio unaoonyesha amani. Tatizo lilikuwa watu. Habari zilienea kwamba hii ni foto ya hali nzuri ya hewa, na mvuvi asiyekuwemo anaweza asihesabiwe, kwa hiyo walikuja wote. Walipangwa nyuma ya kiti kwa mistari, warefu nyuma, wafupi mbele, akina mama wa ndagala upande wa kushoto, Bruno ukingoni ameshika kinasa sauti. Mzee Sylvestre, mbele ya macho ya wote, alivua jile. Wengine walipiga makofi. Aliiweka chini ya kiti na kuikanyaga kwa mguu mmoja, isije ikaenda mbali.

Sasa likaja swali la sura. Mtu hukaaje usoni wakati mvua hainyeshi? Kila mmoja alikuwa amewahi kuwa mahali ambapo mvua hainyeshi, lakini hakuna aliyekumbuka anavyofanana akiwa huko. Wengine walifumba macho. Wengine walionyesha meno yote. Rénovat akawaomba wawe kama watu wanaotoka kula, na kwa kuwa harufu ya maharagwe ilikuwa hapo hapo na hakuna aliyekula, sura zikawa mbaya zaidi. Aliwapanga upya, akawapanga tena, ikapita saa nzima.

Wote walikuwa wamelipa ziwa kisogo. Rénovat peke yake ndiye aliyetazama upande wa Burundi, ng'ambo ya ziwa, na yeye alitazama kwa telefone. Aliona kwamba nyuma ya watu kunaingia weusi. Akafuta kioo kwa shati. Weusi ukabaki. Akachukua telefone ya pili, akasikitika kuona kwamba nayo imeharibika.

Upepo ulipofika, maua yalikuwa ya kwanza kuondoka. Halafu kofia tatu. Mstari wa nyuma ukayumba.

"Asitoke mutu," Mzee Sylvestre akasema bila kufungua meno, tabasamu limekaza. "Mukitoka njo itakuwa mvua."

Hakutoka mtu. Matone makubwa yakaanza kugonga mchanga, kisha mabega, kisha vipara, na wavuvi arobaini wakazidi kutabasamu. Pélagie naye alitabasamu. Aliyataka haya mwenyewe, na kazi yake yote ilikuwa imekaa katika foto hiyo. Akajiambia avumilie kidogo tu, Rénovat alikuwa ameshainua kidole. Ndipo Délice akainua uso kutazama kinachomgonga, na tone likamwingia jichoni. Mtoto akapepesa. Akamgeukia mama yake kwa mshangao, mdomo wa chini ukaanza kutetemeka.

Pélagie hakuhesabu chochote. Alisimama, akamtupa mtoto mgongoni, akafunga kitenge kwa mkono mmoja, akainua sufuria, akakimbia. Nyuma yake alisikia watu wakiguna kama mtu mmoja. Hakugeuka. Aliingia katika kibanda cha Mama Georgette, mahali magunia ya ndagala huwekwa, akaketi juu ya gunia tupu na kumpangusa mtoto macho mpaka akacheka.

Wa pili kuingia alikuwa Mama Georgette mwenyewe, maji yakimtiririka. Alisema amekuja kuangalia magunia tu. Magunia yote yalikuwa matupu, na aliyaangalia moja moja. Halafu wakaingia akina mama wengine, nao wakayaangalia. Mvuke ulikuwa ukipenya pembeni mwa mfuniko. Pélagie akaona haya kumwacha mgeni mwenye baridi mbele ya chakula cha moto, akafungua, akapakua katika sahani zilizokuwa kibandani. Mama Georgette alikula amesimama, macho kule nje.

Kule nje wanaume walikuwa bado wamejipanga katika mvua, wanatabasamu, kukizunguka kiti kitupu. Rénovat alikuwa ameifunika telefone kwa kifuko cha plastiki na anaomba moja ya mwisho.

Bruno ndiye aliyevunja mstari. Alisema kinasa sauti si chake, ni cha redio. Akafuata mwenye akili ya hesabu. Halafu wakaja wawili wawili, wakipiga miguu mlangoni kuondoa mchanga, kila mmoja akichukua sahani, na hakuna aliyetaja sufuria zaidi ya kuuliza kama bado iko na kitu. Wa mwisho alikuwa Mzee Sylvestre, amevaa jile yake. Akapokea sahani, akala vijiko vitatu, akasimama kufikiri.

"Ulikuwa umekaa," akamwambia Pélagie.

"Nilikuwa nimekaa, Mzee."

"Sufuria ilikuwa chini."

"Ilikuwa chini."

"Na bado imenyesha." Aliwageukia wavuvi wake, aone kama wamesikia. Walikuwa wamesikia. "Basi Lundi, kesho kutwa, ukuje. Ukuje mapema, mbele watu hawajaingia mu maji."

Pélagie akamwongezea maharagwe. Kutoka nyuma mvuvi mmoja akasema, polepole, kwamba kama si sufuria, labda ni kiti. Kibanda kizima kikageuka kutazama. Kiti cha kanisa kilikuwa peke yake kwenye mvua, chekundu, mikono yake wazi. Mama Georgette alisema padri atakitaka kesho kwa misa. Kila mtu alikubali kwamba atakitaka, na kila mtu akaendelea kula.