Maji Kwenye Oili

Alhamisi asubuhi Apolonia alivuka daraja la Mto Kilombero kwa pikipiki, sanduku la spana limefungwa nyuma, akiwahi Lupiro. Alikuwa fundi wa mashine mjini Ifakara, na Mama Paskalina, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wakulima wa mpunga, alikuwa amempigia simu mara tatu. Kikundi kilinunua banda la zamani kwa ajili ya ghala, wakakuta ndani yake injini ya dizeli ya silinda moja, iliyowahi kuendesha mashine ya kukoboa mpunga iliyokuwa bado kando yake. Jumamosi lori la vyuma chakavu lingekuja kuichukua.

"Fundi mmoja ameshasema imekufa," Mama Paskalina alimweleza. "Lakini roho yangu inakataa."

Fundi huyo alikuwa Mzee Damiani. Apolonia alilijua vizuri jina hilo, maana ndiye aliyemfundisha kazi, tangu kushika spana mpaka kuisikiliza injini kwa sikio. Mzee alikuwa ameifungua oili akaikuta nyeupe kama uji, imejaa maji, akasema bloku, mwili wa injini unaopitisha maji ya kupoozea, limepasuka. Na bloku likishapasuka, hakuna cha kuokoa.

Apolonia akalegeza nati ya chini. Kweli, ulitoka uji mtupu. Akaanza kurudisha spana sandukuni, na alipoinuka macho yake yakafuata bomba la moshi kwenda juu. Lilisimama wima, halina kifuniko, na juu yake bati la paa lilikuwa na tundu la kupitisha kichwa cha mtu. Mvua za miaka mingapi zilikuwa zimemiminika humo?

Akaliweka tena sanduku chini. Kama maji yaliingilia juu, huenda bloku lilikuwa zima.

Akaifungua injini, akaikausha chini kwa matambara, kisha akalijaza bloku maji kwenye njia ya maji ya kupoozea, hadi juu kabisa, aone kama yatavuja. Ijumaa asubuhi alilikimbilia banda kabla ya kunywa chai. Maji hayakuwa yamepungua hata kidogo, na chini palikuwa pakavu. Alicheka peke yake, halafu akampigia simu Mzee Damiani, akamwomba aje aone mwenyewe.

Ilibaki pistoni, iliyokwama kwa kutu. Aliilowesha mafuta ya taa, akaweka kipande cha gogo juu yake na kugonga taratibu, akapumzika, akagonga tena. Akina mama waliacha kupepeta wakaja kusimama mlangoni. Saa tisa alasiri pistoni ikasogea upana wa ukucha, na mpaka jua linatua gurudumu zito lilikuwa linazunguka. Akasafisha nozeli ya kupulizia dizeli, akasugua valvu za hewa na moshi.

Jumamosi alikuwa anakaza nati za mwisho lori lilipoingia uani. Nyuma yake ilikuja bodaboda iliyombeba Mzee Damiani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nasikia umenikosoa."

"Sijakukosoa, Mzee. Niliangalia juu tu."

Akamwonyesha bati na bomba, akamweleza habari ya maji. Mzee aliinua uso akalitazama tundu kwa muda mrefu. Hatimaye akavua koti lake, akampa Mama Paskalina amshikie.

"Mimi sikuangalia," alisema. "Lete hendeli."

Walizungusha wote wawili. Mara ya kwanza injini ilikohoa. Mara ya pili ikatema masizi na majani makavu. Mara ya tatu ilishika, ikatetemesha sakafu, ikapiga moshi mweusi, kisha ikatulia katika mdundo wake mzito. Akina mama wakapiga vigelegele hadi watu wa barabarani wakaingia kutazama. Dereva wa lori alitoa simu akarekodi, kisha akageuza gari lake tupu bila kinyongo. Mzee Damiani aliinamisha sikio, akamwambia Apolonia kwa sauti ya chini kwamba valvu moja inagonga, airekebishe. Apolonia aliitikia huku machozi yakimtoka na meno yote yako nje.

Jumatano wakafunga mkanda kati ya injini na mashine ya kukoboa, wakakoboa gunia la kwanza. Mchele ulitoka na chenga nyingi. Wakaupika hivyo hivyo, wakala na samaki, wakibishana nani alete mpunga kesho.