Viti vya Jumamosi

Jumamosi ile watu waliondoka na viti vyao.

Asiyetujua atauliza kuna ajabu gani mtu kuondoka na kiti alichokuja nacho. Ajabu ni kwamba kwa wiki sita mfululizo hakuna aliyekuwa ameondoka nacho. Viti vilibaki kwangu, kwenye chumba cha ushonaji, juma zima, vimebebana hadi karibu na dari, na kila kimoja kina utepe mguuni. Kiti kikibaki, mwenyewe atarudi. Hatukuwa na kipimo kingine cha filamu, wala hatukukihitaji.

Filamu ilikuwa ya mdogo wangu. Wapo wenye wadogo walevi na wapo wenye wadogo wavivu. Mimi nilijaliwa mtengeneza filamu. Moja tu ilimchukua miaka minne. Kamera aliazima, waigizaji walikuwa majirani, mavazi nikashona mimi, na mwigizaji mkuu akawa mjomba wetu, ambaye uigizaji wake wote hapo kabla ulikuwa kuwatabasamia wateja wakali katika dirisha la posta kwa miaka thelathini. Kila nilipomuuliza mdogo wangu filamu itakwisha lini, alinijibu, "Bado kidogo, dada." Jina likamganda. Hata watoto wa jirani walimwamkia hivyo: shikamoo, Bado Kidogo.

Ilipokwisha hakuna ukumbi uliomtaka. Wenye kumbi walitaka nyuso zinazojulikana, na uso wa mjomba ulijulikana kwa walionunua stempu tu. Ndipo akaja kwangu, akaketi pembeni ya meza ya kukatia, akaanza kuchezea chaki zangu.

"Dada, nakuomba alasiri ya Jumamosi. Wiki moja tu."

"Wiki moja ya kweli, au wiki moja ya bado kidogo?"

Akacheka. Akicheka huyo nimeshindwa, na anajua tangu akiwa na miaka mitatu.

Nilishona mapazia mazito meusi ya kuzuia jua, nikapinda kitambaa cheupe cha kuonyeshea picha, nikavisukuma vyerehani vyangu vinne ukutani. Viti sikuwa navyo. Basi tukaandika mlangoni: Kiingilio ni kiti chako. Wakaja kumi na wawili, huyu na kigoda, huyu na kiti cha plastiki, mkata vioo wa mtaa wa nyuma na kiti cha ofisi chenye magurudumu, alichokisukuma barabarani bila haya. Filamu ilipokwisha, muuguzi wa zahanati ya jirani alibaki nyuma.

"Fundi, naweza kukiacha kiti changu hapa? Wiki ijayo narudi kuitazama tena, na sitaki kukibeba."

Nikakifunga utepe mwekundu nisije nikakisahau. Mkata vioo akaona, naye akataka wa kijani. Wiki moja ikawa mbili, mbili zikawa sita, na viti vikafika thelathini na kimoja.

Nampenda mdogo wangu, lakini viti thelathini na kimoja ni viti thelathini na kimoja. Nikikata gauni, kiwiko kinagonga kigoda. Mteja akija kupimwa, inabidi aingie kwa ubavu. Na msimu wa sare za shule ulikuwa umefika, vitambaa vimenijaa hadi chini ya meza. Nilianza kuomba kimoyomoyo filamu ile ipate bahati yake mahali pengine, mbali na sakafu yangu.

Yeye mwenyewe hakuwa na kiti. Alisimama nyuma, pembeni ya projekta, na daftari mkononi, akiandika makosa. Akirudi nyumbani anapunguza: sauti hapa, sekunde pale. Alikuwa kama mama anayeendelea kumvuta bibi harusi shela hata akiwa ameshafika mbele ya watu. Hajawahi kuitazama filamu yake kama watu wanavyotazama filamu. Nilimtania kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza, basi akiache chema chake kijiuze. Akaniambia nisubiri, bado kidogo.

Wiki ya saba ikaja barua kutoka tamasha moja la filamu la mbali, alikokuwa ameituma filamu yake. Mteuzi wao aliisifu filamu, kisha akasema ni ndefu kidogo, kuna mahali inasinzia. Ikipungua dakika nne ataifikiria. Alhamisi Bado Kidogo akaniletea barua hiyo, akaniuliza akate wapi.

Hapa ndipo penye kosa langu, na silifichi. Nilitazama viti, nikatazama sare, nikamwambia, "Kata lile shati."

Filamu inamhusu mzee ambaye hajasemezana na binti yake kwa miaka saba. Siku moja binti anamwandikia aje. Asubuhi ya safari mzee anapiga pasi shati. Ni hilo tu, kwa dakika nne: hakuna neno, hakuna muziki. Ukosi, mabega, mikono, kifua. Analitundika kwenye msumari, anaketi mbele yake, kisha anaondoka. Mimi hupiga pasi mashati kumi kwa siku, sikuona la kutazama. Hiyo ndiyo sababu niliyompa. Ile nyingine nilibaki nayo.

"Una hakika, dada?"

"Mimi ni mtu wa mkasi. Nikikwambia kata, kata."

Akakata, na katika haraka zake akaiandika filamu fupi juu ya ile ndefu, kwenye diski ileile tuliyokuwa tukionyeshea.

Jumamosi hiyo, kati ya siku zote, mjomba alikuja. Wiki sita alikuwa amekataa. Alisema mtu mzima hajitazami mbele za watu. Sasa akatokea mlangoni kwangu, kanyoa, viatu vinang'aa, na mwilini amevaa lile shati la buluu la kwenye filamu. Nililijua kabla sijamsalimu, maana ukosi wake uliolika niliugeuza mimi. Hakuwa na kiti, nikampa stuli ya cherehani. Na muuguzi naye akaja na mzee mmoja mwembamba, akamketisha kwenye kile kiti chenye utepe mwekundu, yeye akasimama ukutani.

"Nimemleta baba," aliniambia, kwa furaha kama anayemleta mgeni wa heshima.

Nikafunga mapazia. Kwenye kitambaa mjomba akapokea barua, akaisoma, akaikunja. Mara tukamwona yuko barabarani na mkoba wake. Mtu mmoja akakohoa. Muuguzi akageuka kutazama projekta, kisha akamtazama baba yake, kisha akainamisha kichwa.

Ilipokwisha walipiga makofi. Watu wetu hawagombani na mtu aliyewakaribisha. Walisema hongera, wakasema kazi nzuri. Halafu mmoja mmoja waliinama, wakafungua tepe polepole wasizikate, wakaziweka juu ya meza yangu ya kukatia, wakabeba viti. Mkata vioo akasukuma chake hadi nje, na kwa muda tulisikia magurudumu yakienda. Muuguzi alikuwa wa mwisho.

"Mbona na wewe?" nikamuuliza.

"Ni kiti cha jikoni hiki, fundi. Kinahitajika nyumbani." Alipofika mlangoni akasita. "Baba yangu nilimleta aone shati."

Tukabaki watatu. Bado Kidogo alikuwa ameshika tama, ametazama sakafu. Akajikaza, akauliza.

"Mjomba, umeonaje?"

Mjomba alifikiri kama anayepima uzito wa kifurushi. "Nimejiona nasoma barua, halafu nikajiona niko safarini. Nikajiuliza, huyu mzee ameenda kwa mwanawe na shati lililokunjamana?"

Akaupapasa ukosi wa shati lake.

"Siku ile mimi sikuigiza, mwanangu. Uliniambia nipige pasi, nikapiga pasi. Marehemu mke wangu alikuwa akinisema kila siku, mabega unayaruka. Sasa pale nikawa nayarudia, asije akanisema." Akajipangusa goti ingawa halikuwa na vumbi. "Lakini filamu ni yako. Wewe kata unavyoona."

Akaniaga, akaenda zake. Nami, mtu wa mkasi, nikanyamaza kama maji mtungini. Nilipaswa kusema wakati ule na sikusema.

Jumatatu nilifungua chumba nikakuta kile nilichokiomba. Sakafu nyeupe, pana, mtu anaweza kukimbia. Nikatandika kitambaa cha sare, nikapiga magoti, nikashika mkasi, na mkono ukagoma. Chumba kilikuwa kikubwa mno. Nikasikia saa ya ukutani, ambayo sikuwahi kujua kama ina sauti. Juu ya meza zilikuwa tepe thelathini na moja, na nilizijua zote: wa kijani wa mkata vioo, wa njano wa mama mwenye kikohozi kinachoanza kila mzee anapoisoma barua, mwekundu wa muuguzi. Nilivikosa viti vile. Mimi niliyevilaani nikijigonga, nilivikosa hadi machozi yakanilenga.

Nikafunga chumba, nikaenda kwa mdogo wangu. Alikuwa mbele ya kompyuta, dirisha limefunikwa kwa kanga niliyoidhani imepotea.

"Ni mimi niliyekwambia ukate," nikasema nikiwa bado mlangoni. "Na sikukwambia kwa ajili ya filamu. Nilitaka sakafu yangu."

"Nilijua, dada."

"Ulijua vipi?"

"Uliniambia nikate shati huku unatazama viti."

"Sasa ulikata kwa nini?"

Akaisugua shingo yake kama baba yetu alivyokuwa akifanya. "Nilitaka waniite. Nikatafuta wa kuniambia ndiyo, nikaja kwako."

Nikavuta ndoo, nikaigeuza, nikaketi pembeni yake. Picha zote alizopiga alikuwa nazo, hata zile mbovu, na shati lilikuwamo. Tangu jana alikuwa akilirudisha. Nilipomuuliza habari za tamasha, akasema ameshawaandikia.

"Umewaambia nini?"

"Kwamba filamu imekwisha. Ni dakika themanini na nne."

"Wamejibu?"

"Bado."

Nikangoja amalizie jina lake. Hakumalizia, akageukia kazi.

Jumatano nilitia tepe mfukoni nikaanza kupita mlango hadi mlango. Nilikuwa nimemcheka yeye kwa methali yangu, sasa mimi ndiye niliyejitembeza. Kila mmoja nilimpa utepe wake nikamwambia, "Shati limerudi," kama nampa habari za mtu. Mkata vioo alisema ataona. Mama wa kikohozi alisema Jumamosi ana wageni. Muuguzi nilimkuta anafunga kidonda, mikono yote miwili ina kazi, akanionyesha kwa kidevu niutie utepe kwenye mfuko wa gwanda lake. Hakuahidi kitu.

Jumamosi, saa kumi kasoro robo, chumba kilikuwa kitupu. Bado Kidogo alipangusa kioo cha projekta, akakipangusa tena. Mimi nilipinda pindo la sketi ambalo nilikwisha kulipinda. Saa kumi kamili mjomba akaingia, shati la buluu mwilini, kiti begani na kiti kingine kwapani. Vilikuwa viti vyake vya mezani, vile viwili ambavyo yeye na marehemu mkewe walivikalia wakila maisha yao yote.

"Hiki changu," alisema akikitua. Cha pili akakiweka pembeni yake. "Na hiki cha huyu anayesimama."

Nje tukasikia magurudumu.

Hawakurudi wote. Walirudi kumi na moja, na mama wa kikohozi alikuja na wageni wake, ambao walibeba viti vyangu mwenyewe, nilivyomwazima mama huyo mwaka juzi nikavisahau. Muuguzi alikuwa wa mwisho tena, amemshika baba yake kwa mkono mmoja na kiti cha jikoni kwa mkono wa pili. Utepe mwekundu ulikuwa umeshafungwa mguuni, kwa fundo ambalo si langu.

Nikavuta mapazia. Bado Kidogo akawasha, akarudi nyuma mahali pake, daftari mkononi. Mjomba hakugeuka. Alikipiga kile kiti kwa kiganja mara mbili, kama mtu anavyomwita mtoto. Mdogo wangu akaenda, akaketi.

Barua ikaja, ikasomwa, ikakunjwa. Kisha asubuhi, meza, pasi, shati. Mimi ninayepiga pasi mashati kumi kwa siku niliacha sindano. Upande wa kushoto wa picha kipo kivuli cha kiwiko cha mshika kamera, ambacho mdogo wangu ameapa kwa miaka minne kukiondoa. Nikamwona akiupapasa mfuko kutafuta penseli. Halafu mkono ukatulia gotini.

Nyuma yao, baba wa muuguzi alikuwa amesogea mbele hadi ukingoni mwa kiti. Hakuwa amesema neno tangu aingie.

"Bega la kushoto bado," alisema, kwa sauti ya chini.

"Naliona," mjomba akamjibu gizani, bila kugeuka.

Na pale kwenye kitambaa akaligeuza shati, akalirudia.