Ua la Kijani

Kofia imewekwa juu ya mto wa upande wa ukutani, upande aliokuwa akilala Babu. Ni kofia ya mkono, nyeupe, viua vyake vimedariziwa kwa uzi wa hudhurungi, isipokuwa kimoja. Hicho kimekaa mbele kabisa, panapoelekea paji la uso, nacho ni cha kijani. Kila anayeingia kumpa Bibi mkono wa pole hukiona kabla hajakaa.

Bibi yumo edani. Anazungumza kidogo, anatazama sana.

Kuna wakati hakuwa akitazama chochote. Nilikuwa bado chuoni, nikisomea ualimu, na kazi yangu ya asubuhi hapa Kikwajuni ilikuwa kumtungia sindano. Bibi yangu, Bi Kazija, ameshona kofia tangu usichana wake. Nilizitunga nyingi, kila moja na rangi yake, nikazichomeka kwenye kimto chake cha pamba, nikaondoka. Sikuuliza kwa nini. Mimi si mtu wa kuuliza. Nilimwona akipapasa ukuta kwenda uani. Nilimwona akimimina chai mpaka ikafurika. Siku moja nilimsikia akimkaribisha ndani jirani ambaye alikuwa ni kanga iliyoanikwa kwenye kamba.

Ikaja kofia ya Idi, ya Babu. Alipoimaliza, nikaliona lile ua. Nilifungua mdomo, Babu akaweka kidole juu ya midomo yake, akaivaa, akasimama mbele ya kioo kama bwana harusi.

"Mashaallah," akasema. "Mkono wako haujazeeka, Bi Kazija."

Jioni ile nilimpelekea kahawa Mji Mkongwe, kwenye baraza wanapokaa wazee wenzake, nikamkuta rafiki yake Mzee Tahir ameinama anaichungulia kofia.

"Msabah, hilo ua limeota lenyewe au limepandwa?"

"Limepandwa," Babu akajibu, "na aliyelipanda hana mwenziwe hapa mjini. Wewe kofia yako umenunua dukani, nyamaza."

Wakacheka wote. Mimi nilishika birika kwa nguvu, nikatazama chini.

Bibi alipoungua kiganja kwa kushika jiko akidhani ni sufuria, ndipo Babu alipokubali tumpeleke hospitali. Daktari wa macho alikuwa mwanamke kijana, Dokta Ulfat. Alimwamkia, akammulika jicho moja, kisha la pili, taratibu.

"Bibi, huyu ni mtoto wa jicho. Macho yote mawili."

"Nnajua, mwanangu. Nnangoja aive."

"Haivi, bibi, si embe huyo. Ukimngoja anakuwa mgumu, na kumtoa kunakuwa kazi."

"Na jicho lenyewe mnalitoa mkaliweka kisahanini?"

"Halitoki." Dokta Ulfat alivuta kiti, akamshika mkono ule usioungua. "Ndani ya jicho lako pana kioo kidogo. Zamani kilikuwa safi, sasa kimeingia ukungu kama chemni ya taa iliyopigwa na moshi. Tunatia ganzi, tunafungua kitundu kidogo, tunakitoa kile kioo, tunaweka kingine. Hulazwi hata."

Bibi aliuvuta mkono wake.

"Basi wapasueni wasioona. Mimi nnaona. Hiyo kofia aliyovaa mume wangu nimeishona mimi, mkono huu. Itazame."

Daktari akaitazama. Akamtazama Babu, Babu akatazama viatu vyake. Kisha akanitazama mimi.

"Bila ya ridhaa yako mwenyewe, bibi," akasema polepole, "mimi siwezi kukugusa."

Bibi alikwishakusanya buibui lake ainuke. Nilijua tukitoka mle hatarudi tena. Mimi si mtu wa kusema mbele ya watu. Hata darasani, kwenye mazoezi ya kufundisha, kusoma majina ya wanafunzi kwa sauti kulikuwa kunanishinda.

"Bibi," nikasema, "ua la mbele ni la kijani."

Mkono wa Bibi ulikwenda moja kwa moja kichwani kwa Babu, kama mtu anayeijua njia ya kwao. Vidole vikalipita lile ua, vikarudi, vikalipita tena.

"Limenyooka," akasema.

"Limenyooka, Bibi. Rangi tu."

Alimgeukia Babu. "Ulijua?"

"Nlijua."

"Na ukaivaa."

"Kila Ijumaa."

Bibi akakaa. Alifuta pua kwa ncha ya mtandio. Kisha akamwambia daktari, "Anzeni la kulia. Ndilo la kutungia sindano."

Bibi alipokuwa ndani akipasuliwa, Babu alivuta tasbihi bila ya midomo kucheza. Sikuwahi kumwona ameogopa kabla ya siku ile.

Kesho yake Dokta Ulfat aliibandua bandeji. Alikwishamkataza kuinama, kwa hivyo alfajiri ile Bibi alikuwa amesali juu ya kiti, na hilo lilimuuma kuliko jicho. Alipepesa. Chozi likamtoka, akaliacha. Hakunitazama mimi, wala dirisha lenye mwanga. Alimtazama Babu, juu ya nyusi.

"Vua."

Babu akavua. Bibi akaigeuza kofia mbele ya jicho lake jipya, na mimi nikaanza kuogopa ataomba mkasi.

"Ovyo," akasema. Akamvisha tena, akaizungusha mpaka lile ua likakaa katikati sawasawa. "Na wewe umekuwa mzee."

"Nlikuwa mzee zamani. Wewe ulikuwa huoni tu."

Jicho la kushoto likafuata baadaye. Walipata mwaka mmoja wa kutazamana.

Babu alituacha huku kofia nyingine ikimngoja, imeshonwa yote isipokuwa ua la mbele. Leo asubuhi Bibi aliitoa kabatini, akakaa nayo karibu na dirisha. Kwa mazoea nilitunga sindano kwa uzi wa hudhurungi, nikampa.

Hakuipokea. Alichagua mwenyewe uzi wa kijani kwenye kikapu, akaukata kwa meno, akachomoa sindano tupu kwenye kimto, akaiinua kwenye mwanga. Uzi ulipita mara ya kwanza.